Je, Yafaa Kung'arisha Bomba la Hewa la Injini?

Wenye motokaa wengi huambiwa kwamba lile bomba lenye matawi, ambalo hupeleka hewa katika silinda, likisuguliwa kwa msasa mpaka ling'ae, gari litaongezeka nguvu. Msomaji ajue kuwa kusafisha na kung'arisha ni kazi mbili mbali mbali.

Injini nyingi za dizeli za siku hizi hurudishiwa sehemu ya moshi wake. Masizi ya moshi huo huchanganyika na mvuke wa oili, yakawa utando mzito. Njia ya hewa huwa nyembamba, na gari hulemewa mlimani. Hapo kusafisha kwafaa sana. Lakini bomba lifunguliwe kwanza, kwani vipande vikiingia katika silinda vyaweza kuharibu vali. Na gasketi iwe mpya.

Kung'arisha, kwa gari la kawaida, ni fedha kupotea. Katika injini yenye kabureta, ukuta uliolainishwa mno huacha petroli ishike kama matone badala ya kuchanganyika na hewa. Tena vumbi la msasa lisipooshwa lote, hula silinda na pistoni, na matengenezo yake ni ghali.