Saa nne angani: je, msafiri apunguze Swala?

Kila unapokaribia msimu wa Hija, wanafunzi wangu huniuliza: "Ustadh, kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah ni saa chache tu. Tutapunguza Swala?" Ndugu msomaji, tuanze na hesabu.

Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere uko karibu digrii 6.9 kusini mwa Ikweta. Ule wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, uko karibu digrii 21.7 kaskazini. Vyote viwili viko karibu na longitudo 39, hivyo safari ni ya kuelekea kaskazini moja kwa moja. Jumla ni digrii 28.6, na kila digrii ni kama kilomita 111. Tunapata karibu kilomita 3,200. Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, ni saa nne, mbali na muda wa kupaa na kutua. Anayebadili ndege njiani huchukua muda mrefu zaidi.

Sasa tuje kwenye hukumu. Wanazuoni wengi wameipima safari kwa umbali, takriban kilomita 80, si kwa saa wala kwa uchovu. Ndege huumaliza umbali huo kwa dakika sita, na ruhusa inabaki pale pale.

Lakini tahadhari! Ruhusa huanza ukishayaacha majengo ya mji wako. Uwanja wa Dar es Salaam uko Kipawa, ndani ya mji. Kwa hiyo mkazi wa Dar anayeswali Adhuhuri pale akisubiri ndege, aswali rakaa nne kamili.

Wallahu a'lam.