Mwenye Elimu na Watu wa Nyumbani Kwake

  

Wanafunzi wetu wapenzi, pamoja na wazazi na walezi, katika jarida hili tumezoea kuhimizana kusoma, na hatutachoka kuhimizana. Safari hii tumeona tuzungumzie jambo ambalo halisemwi sana. Elimu ikiingia kwa mtu mmoja, nyumba nzima hutikisika kidogo. Anayesoma hubadilika, waliobaki wako vile vile, na mazungumzo yaliyokuwa mepesi huanza kuwa mazito. Wengi hudhani tatizo ni kiburi tu. Kiburi kipo, lakini hata kijana mnyenyekevu hukutwa na hali hii.

Mwandishi wa Marekani, Daniel Keyes, aliieleza vizuri katika hadithi yake iitwayo Flowers for Algernon, ambayo ilitoka kama hadithi fupi mwaka 1959 kisha ikawa riwaya mwaka 1966. (Riwaya ina kurasa ambazo hatungependa mtoto wa madrasa azisome, hivyo mzazi atangulie kuitazama.) Katika riwaya hiyo yupo Charlie Gordon, mtu mzima mwenye upungufu wa akili, anayefanya kazi ya kufagia na kutumwa katika bekari. Wanasayansi wanampasua ubongo baada ya kumjaribia panya aitwaye Algernon, na katika muda wa miezi michache Charlie anakuwa na akili kuliko madaktari wenyewe.

Tungetarajia awe na furaha. Jambo la kwanza analolipata kwa akili yake mpya ni kutambua kwamba wale aliowaita marafiki pale bekari walikuwa wakimcheka miaka yote. Nao, walipoona hawawezi tena kumcheka, wakaingiwa na hofu naye na wakataka aondolewe kazini. Hata mwalimu aliyemfundisha kusoma anafika mahali hawezi kufuata maneno yake. Akili imekimbia, lakini moyo wake bado ni wa mtoto, hajui kupenda wala kukasirika kama mtu mzima. Mwishoni panya anadhoofika na kufa, na Charlie naye anarudi alikotoka.

Upasuaji wa namna hiyo haupo. Lakini Keyes mwenyewe alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba mbegu ya hadithi ilitoka ujanani mwake, alipohisi kuwa masomo yanaweka ukuta kati yake na wazazi wake. Kwa hiyo shule peke yake, bila kisu cha daktari, iliweza kufanya kazi ile.

Tuje kwetu. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa sekondari ambaye mdogo wake anaumwa selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita siko seli. Kwa miaka mingi shangazi na bibi mzaa baba wamekuwa wakisema kwamba maradhi haya yametoka upande wa mama, na mama amenyamaza. Siku moja, katika somo la biolojia, kijana anafundishwa kwamba mtoto huugua pale anapopokea kinasaba chenye kasoro kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe huwa wazima kwa sababu kila mmoja anacho kimoja tu, na katika kila mimba uwezekano wa mtoto kupata vyote viwili ni mmoja kati ya minne. Anafundishwa pia kwa nini kinasaba hicho ni kingi katika sehemu zenye malaria, kwani mwenye kimoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ushahidi wa jambo hilo ulichapishwa mwaka 1954 na Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya.

Kijana anarudi nyumbani na elimu inayomsafisha mama yake. Lakini elimu hiyo hiyo inamgusa baba. Akaisema usiku ule ule, shangazi akiwepo: "Baba, mmemsingizia mama bure. Hata wewe unacho!"

Alilosema ni kweli. Hata hivyo baba amevunjiwa heshima mbele ya dada yake, shangazi amefedheheka, na mama, aliyedhaniwa atafurahi, ameingia chumbani kulia kwa miaka yote aliyolaumiwa. Kijana anabaki akishangaa kwa nini ukweli umeleta msiba. Na kuna jingine ambalo hakumwambia mtu. Amekwisha piga hesabu kwamba yeye mwenyewe, akiwa mzima, ana uwezekano wa mbili kati ya tatu wa kuwa amebeba kinasaba hicho, na ameanza kuogopa habari ya ndoa. Mwalimu wa biolojia alimpa hesabu, hakumpa namna ya kuibeba. Hatumlaumu mwalimu huyo, kipindi ni cha dakika arubaini.

Sasa tumtazame Nabii Ibrahim (A.S.) katika Surat Maryam, aya ya 41 hadi 48. Alikuwa na elimu ambayo baba yake hakuwa nayo, na alilazimika kumwambia. Mara nne anaanza kwa kumwita "ewe baba yangu". Hasemi kwamba baba ni mjinga, wala hajiiti mjuzi. Anasema tu kwamba imemjia elimu ambayo haikumfikia baba, kana kwamba ni mgeni aliyebisha hodi kwake kwanza. Baba akamjibu kwa jina lake tu, bila hata kusema "mwanangu", akamtisha kumpiga mawe na kumfukuza. Ibrahim akajibu kwa salamu na ahadi ya kumwombea msamaha. Ni kweli baadaye alijitenga naye, ilipombainikia kuwa ni adui wa Allah (At-Tawba, 114), lakini hilo lilikuwa jambo la tauhidi. Ikiwa adabu ile ilitumika penye shirki, itakuwaje penye somo la biolojia?

Aidha, katika Surat Al-Kahf, yule mja mwema ambaye wanazuoni wanamtaja kwa jina la Khidhr alimwambia Nabii Musa (A.S.) tangu mwanzo kuwa hataweza kusubiri naye, kwani mtu atasubirije kwa jambo asilolijua undani wake? Basi kukosa subira kwa asiyejua si ubaya wa roho. Na walipofika mahali pa kuachana, Khidhr hakuondoka hivi hivi. Alikaa akaeleza yote matatu, la jahazi, la kijana na la ukuta. Vijana wetu wengi waliosoma huweza kuondoka, ila hawakai kueleza.

Yule kijana wetu angeweza kusubiri siku mbili tatu, akamkuta baba peke yake baada ya sala: "Shikamoo baba. Kuna jambo tumefundishwa shuleni linamhusu mdogo wangu, naomba tukienda kliniki tumuulize daktari pamoja." Hapo baba anauliza mwenyewe, anajibiwa na mtu wa rika lake, na akirudi ndiye atakayezungumza na dada yake. Kijana naye apimwe damu siku hiyo hiyo, ajue hali yake badala ya kulala na hesabu kichwani.

Wazazi nao tuna neno kwao. Mtoto akija na jambo jipya, wapo wanaomjibu, "Siku hizi umekuwa daktari?" na nyumba nzima ikacheka. Ni utani, lakini mtoto akichekwa mara mbili, mara ya tatu hasemi. Atakuwa na maisha mawili, ya shuleni na ya nyumbani, na mzazi atakuja kushangaa kwamba mwanawe ana mengi ya kusema kwa wengine na kwake yeye hana ila "ndiyo" na "hapana". Kusema "hilo mimi sikufundishwa, hebu nieleze" hakumpunguzii baba ubaba wake.

Katika likizo hii wanafunzi wa darasa la juu wasome aya hizo nane za Surat Maryam wakiwa na mzazi au mlezi. Mzazi aanze kueleza anavyozielewa yeye, na mwanafunzi asimkatize mpaka amalize.