Umeme wa Neva kwa Utumbo Wenye Uvimbe Sugu

Mtu anayeharisha wiki baada ya wiki, pengine damu, tumbo likimsokota na uzito ukishuka, huku vipimo vya amiba na kifua kikuu cha utumbo havioneshi kitu, huenda ana ugonjwa wa Crohn au wa vidonda vya utumbo mpana. Hapa hakuna mdudu wa kuua: kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoushambulia utumbo. Dawa za kutuliza zipo, ila haziwafai wote. Ndiyo maana watafiti wamegeukia neva.

Neva hiyo ni vagasi. Hutoka kwenye ubongo, hushuka shingoni na kifuani hadi tumboni. Mwaka 2000, Kevin Tracey na wenzake huko New York walionesha kwa panya kwamba ikisisimuliwa kwa umeme, mwili hupunguza kutoa TNF, kemikali inayochochea uvimbe. Baadhi ya sindano ghali za Crohn huizuia kemikali hiyohiyo.

Huko Grenoble, Ufaransa, timu ya Bruno Bonaz ilijaribu mbinu hiyo kwa wagonjwa wa Crohn. Kifaa kidogo huwekwa kwa upasuaji chini ya ngozi ya kifua, na waya wake huzungushiwa neva upande wa kushoto wa shingo. Umeme hupita sekunde 30, hukatika dakika 5, kisha hurudi, usiku na mchana. Unapopita, sauti inaweza kukwaruza. Matokeo ya mwaka 2016 yalihusu wagonjwa 7: baada ya miezi 6, 5 walikuwa na nafuu, 2 waliondolewa kwa kuzidiwa. Yanatia moyo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na Crohn hupoa na kuwaka wenyewe.

Kifaa si kigeni. Marekani ilikiruhusu kwa kifafa mwaka 1997, na mwaka 2025 ikaruhusu kingine cha aina hiyo kwa baridi yabisi. Kwa utumbo, bado ni utafiti.

Kwa hiyo, jihadhari na vifaa vya kubana sikioni vinavyouzwa mtandaoni kama tiba ya tumbo. Ni kweli tawi la vagasi hufika sikioni, na wataalamu wanalichunguza, lakini muuzaji si daktari. Usiache dawa zako kwa sababu ya tangazo. Na ukiona damu chooni, usiendelee kumeza vidonge vya amiba kwa kubahatisha: nenda hospitali, uulize kuhusu kipimo cha kamera ya utumbo.