Karte za zamani: namna ya kuchunguza bonde mbele ya kulima



Wakati wa kipwa, bonde linaonekana kuwa kavu na zuri kwa kulima. Mvua ikirudi, maji nayo yanarudi ku njia yake ya zamani, na mbegu na kazi ya miezi inapotea. Karte ya zamani inaweza kutuonya mbele.

Hapa Katanga, Comité Spécial du Katanga, iliyoanzishwa mwaka wa 1900, ilichapisha karte za kipimo cha 1/200 000. Maana yake, sentimetre moja ku karte ni kilometre 2 ku udongo.

Tuangalie nini?

1. Maji. Tutafute mito na alama za matope. Mahali palipoandikwa matope zamani, maji yanaweza kurudi, hata kama leo ni pakavu.

2. Mistari ya mwinuko. Kila mstari unaunganisha mahali penye urefu mumoja. Mistari ikikaribiana, ni mteremko mkali: tulime matuta ya kukata mteremko, ili mvua isibebe udongo. Ikiachana sana, ni tambarare: maji yanasimama hapo. Ndiyo sababu maji yanayoshuka kutoka nyanda za juu za Kamina, yenye kupita metre 1 000, yanatulia ku matope ya Lualaba, karibu na maziwa Upemba na Kisale.

3. Umri wa karte. Kama haionyeshi reli ya kutoka Bukama kupitia Kamina mpaka Ilebo (zamani Port-Francqui), pengine ilipimwa mbele ya 1928, mwaka reli hiyo ilimalizika. Tangu wakati huo vijiji vimehama na miti imekatwa.

Tusisahau: ku karte ya 1/200 000, shamba la hekta moja lina upana wa nusu milimetre tu. Karte inatuonyesha mahali pa kuchunguza, haichunguzi kwa nafasi yetu. Tuulize wazee maji yalifika wapi, tupige vijiti hapo, kisha tungoje mvua moja mbele ya kupanda bonde lote. Tena, karte haimpe mtu haki ya shamba. Mambo ya mipaka tuyapeleke kwa chefu na ku ofisi ya udongo.

Maulizo ya kuzungumzia ku mkutano:
• Ni sehemu gani za bonde letu wazee wanaziita za matope?
• Nani atapiga vijiti mbele ya mvua kuanza?