Kuchagua Kifaa cha Wi-Fi cha Kompyuta ya Mezani

Kompyuta nyingi za mezani, hasa zilizotumika, huuzwa bila Wi-Fi. Mkazi wa Kakamega anaweza kugundua hilo Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA. Ni heri achague mapema kati ya njia hizi tatu.

Kebo: Ruta ikiwa karibu, kebo ya mtandao ndiyo imara zaidi. Hufika hadi mita 100.

Kifaa cha USB: Huchomekwa bila kufungua kompyuta. Kikiwa nyuma ya kompyuta, bati la kasha huzuia mawimbi. Waya wa kurefusha hukisogeza mahali wazi.

Kadi ya ndani: Hufungwa kwenye nafasi ya PCIe, umeme ukiwa umezimwa. Mnunuzi ahakikishe kwanza kuwa nafasi hiyo ipo na kadi inaenea ndani ya kasha.

Masafa ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi; ya 5 GHz yana kasi zaidi lakini hudhoofishwa na kuta. Kifaa bora hutumia yote mawili. Hata hivyo, kifaa cha bei ghali hakitazidi uwezo wa ruta iliyopo nyumbani.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize kama kifaa kinakubaliana na mfumo wa kompyuta yake. Kikihitaji programu ya kukiendesha, simu iliyounganishwa kwa waya wa USB inaweza kutoa intaneti ya kuipakua. Risiti itunzwe.