Padre Aliyeandika Historia ya Kanisa Bila Kuficha Aibu



Likizo iliyopita nilipewa kipindi na vijana wa parokiani kwetu, mada ikiwa Martin Luther na mgawanyiko wa Kanisa. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Frateri, kama mapapa waliona Kanisa linagawanyika, mbona walichelewa hivyo kuitisha mtaguso?" Nikamjibu harakaharaka kwamba Kanisa lina hekima yake. Akanyamaza, ila usoni niliona kabisa hajaridhika. Hata mimi sikuridhika. Nina shahada ya falsafa, najua tofauti ya kujibu swali na kulikwepa.

Niliporudi seminarini nikaanza kutafuta jibu, na hapo ndipo nilipokutana na Padre Hubert Jedin.

Alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 17 Juni 1900 huko Silesia, wakati huo sehemu ya Ujerumani, leo ni Poland. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule. Mama yake alitoka katika familia ya Kiyahudi, akawa Mkatoliki. Jedin alipata upadre mwaka 1924, akajikita katika historia ya Kanisa na kufundisha Chuo Kikuu cha Breslau, mji ambao siku hizi unaitwa Wrocław.

Mwaka 1933 Wanazi wakashika madaraka. Padre huyu akanyang'anywa ruhusa ya kufundisha, kisa tu damu ya mama yake. Akaenda Roma, akajichimbia katika nyaraka za Mtaguso wa Trento. Mwaka 1936 akarudi Breslau kutunza kumbukumbu za jimbo kuu. Novemba 1938, Wanazi waliposhambulia Wayahudi nchi nzima, naye alikamatwa. Mwaka uliofuata akakimbilia tena Roma na kukaa huko miaka kumi, hadi 1949, alipoitwa kuwa profesa Bonn. Alifariki huko mwaka 1980.

Kazi yake kubwa

Mtaguso wa Trento ulifanyika kwa vipindi kati ya 1545 na 1563. Kabla ya Jedin, historia mbili maarufu ziliuhusu. Paolo Sarpi, mtawa wa Venezia, aliandika kama mwendesha mashtaka, na kitabu chake kikachapwa London mwaka 1619. Kardinali Sforza Pallavicino, Mjesuiti, akamjibu kama wakili wa utetezi. Yaani kila upande ulikuwa na kitabu chake cha kurushia mawe.

Jedin alikaa chini akasoma barua, shajara na taarifa za wajumbe wa Papa. Matokeo yake ni juzuu nne, ya kwanza ikitoka 1949 na ya mwisho 1975. Sasa sikiliza: juzuu ya kwanza yote inaishia kabla Mtaguso haujaingia kazini! Inaeleza njia ndefu ya kuufikia. Yaani swali la yule binti limeandikiwa kitabu kizima.

Luther alitoa hoja zake mwaka 1517. Mtaguso ulifunguliwa tarehe 13 Desemba 1545. Ni miaka 28. Kwa nini? Sababu moja ni vita kati ya Kaisari Karoli V na mfalme wa Ufaransa. Nyingine ni hofu ndani ya Roma yenyewe. Karne moja nyuma, Mtaguso wa Konstanz ulikuwa umemaliza ugomvi wa watu watatu waliodai upapa kwa wakati mmoja, na ukatangaza kwamba hata Papa anapaswa kuutii. Kumbukumbu hiyo iliwatisha mapapa. Wakasitasita, na Kanisa likaumia.

Jedin, padre, anayasema haya waziwazi. Lakini pia anaonyesha kwamba Mtaguso uleule, uliochelewa na kuanza na maaskofu wachache, ulifanya kazi ya kweli ya kulirekebisha Kanisa. Uliwataka maaskofu wakae majimboni mwao. Tarehe 15 Julai 1563 uliagiza majimbo yaanzishe seminari. Chumba ninamoandikia haya kina mzizi wake pale.

Mwaka 1959, Yohane XXIII alipotangaza mtaguso mpya, Jedin alitoa historia fupi ya mitaguso, kisha akawa mmoja wa wataalamu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano.

Tunajifunza nini?

Kijana mwenzangu, mtandaoni utakutana na watu wanaotumia historia kulipiga Kanisa, na wengine wanaoifuta ili kulitetea. Usifuate yeyote kati yao. Injili zote nne zinasimulia Petro alivyomkana Bwana. Wangeweza kuliacha tukio lile, tena linamhusu mkuu wao! Hawakuliacha, kwa sababu utakatifu wa Kanisa unatoka kwa Kristo, hautegemei rekodi yetu kuwa safi. Anayeamini hivyo haogopi kufungua nyaraka.

Likizo ijayo nitamtafuta yule binti. Nitaanza kwa kumwomba radhi, kisha nitamjibu.

Jiulize:
1. Ni swali gani kuhusu Kanisa ambalo umeogopa kuuliza, au umelikwepa ulipoulizwa?
2. Soma Yohane 8:31-32. Je, naupenda ukweli hata unaponiumiza?