Kuiponya Chemchemi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mithali 4:20-27, Marko 7:14-23, 2 Wafalme 2:19-22, Zaburi 51, Isaya 53:4-5, Yohana 4:5-15, 2 Samweli 12:10-14, Kumbukumbu la Torati 6:4-9.

Fungu la kukariri: Mithali 4:23.

Barabara itokayo Arusha kwenda Moshi hupita Usa River na Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566. Ni nchi ya migomba, kahawa na mifereji. Hata hivyo, watu wengi waliokulia huko hutambulikana wanapotabasamu, kwa kuwa meno yao yana rangi ya kahawia. Sababu ni madini ya floraidi. Meru ni mlima wa volkano, na maji yapitayo katika miamba yake huyeyusha madini hayo. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Baadhi ya chemchemi na visima vya Arumeru huzidi kiwango hicho mara kadhaa.

Juma hili tujiulize: moyo wetu unakunywa nini, na ni nani awezaye kuiponya chemchemi yake?

JUMAPILI: Maji Safi kwa Macho

Soma Mithali 4:20-27. Ni viungo gani vya mwili vinavyotajwa pamoja na moyo?

Floraidi haionekani katika maji, wala haina harufu. Mama huchota, mtoto hunywa, na siku hiyo hakuna linalotokea. Meno huharibika yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi. Miaka kadhaa baadaye huota yakiwa na madoa. Anywaye maji yenye floraidi nyingi kwa muda mrefu huweza kuumia hata mifupa.

Tabia nayo hujengwa hivyo. Hakuna aamkaye asubuhi moja akiwa mtu wa uchungu. Alisikiliza, akatazama, akayarudia moyoni yale yale, siku baada ya siku. Ndiyo maana Sulemani anataja sikio, macho, kinywa na miguu, na katikati yake anauweka moyo.

JUMATATU: Moto Hauondoi

Soma Marko 7:14-23. Kwa nini kunawa mikono hakukutosha?

Kuchemsha maji huua vijidudu, na ni desturi njema. Lakini floraidi haiondoki kwa moto. Maji yakichemka kwa muda mrefu, mvuke hutoka na madini hubaki, tena katika maji machache zaidi.

Fikiria mzee wa kanisa ambaye hakosi ibada ya alfajiri, huongoza maombi ya kufunga na hutangulia kufika makambini. Lakini yeye na ndugu yake wa tumbo moja hawajasalimiana kwa miaka mingi, kwa sababu ya mpaka wa shamba la migomba walilorithi. Bidii yake si ya uongo. Tatizo ni kwamba kila anapoongeza bidii, anazidi kujiona mwenye haki, na ndugu yake anazidi kuonekana mwovu. Moto umeongezeka, na kilichomo ndani kimezidi kukolea.

Je, kuna jambo moyoni mwako ambalo umelifunika kwa huduma?

JUMANNE: Chumvi Penye Chanzo

Soma 2 Wafalme 2:19-22. Elisha alikwenda wapi kuitupa ile chumvi?

Watu wa Yeriko walikuwa na mji wa kupendeza, lakini maji yake yalikuwa mabaya na nchi haikuzaa. Elisha hakupita nyumba kwa nyumba kutibu mitungi. Alikwenda kwenye chemchemi yenyewe. Tena alitumia chumvi, kitu ambacho kwa kawaida hakiyafanyi maji yafae kunywewa, ili ijulikane kwamba aliyeponya ni Bwana.

Daudi alilielewa hili. Katika Zaburi 51:10 anapoomba moyo safi, neno la Kiebrania analolitumia ni lile lile la Mwanzo 1:1, lihusulo kuumba. Hakuomba kusaidiwa kujirekebisha. Aliomba kuumbiwa kile ambacho hakuwa nacho.

JUMATANO: Kuchota Kila Siku

Soma Isaya 53:4-5 na Yohana 4:5-15.

Huko Ngurdoto, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti kinachoshughulikia floraidi. Njia mojawapo inayotumika ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe: maji hupitishwa humo polepole, na mifupa huyashika madini. Mifupa ya mnyama aliyekufa hubeba kile ambacho kingeharibu mifupa ya mtoto aliye hai. Msomaji wa Isaya 53 atakumbuka ni nani aliyeyachukua masikitiko yetu.

Mfano huu una mpaka wake. Mkaa hujaa, ukahitaji kubadilishwa, Kristo hachoki. Lakini maji yaliyosafishwa jana yalinyweka jana. Yesu alimwahidi yule mwanamke Msamaria chemchemi ndani yake, na chemchemi hububujika leo pia. Neno na maombi ya asubuhi ndipo mahali pa kumwendea Yeye tena.

ALHAMISI: Madoa Yanayobaki

Soma 2 Samweli 12:10-14 na Kumbukumbu la Torati 6:4-9. Daudi alisamehewa. Ni nini kilichobaki?

Maji mema hayarudishi weupe wa meno ya mtu mzima. Vivyo hivyo, yule mzee akienda leo kwa ndugu yake, huenda asipokelewe. Miaka waliyonyamaziana hairudi. Lakini watoto wa nyumba mbili wanaweza kuanza kusalimiana mferejini, nao watakua wakinywa maji mengine. Mwenye madoa anaweza kuwa wa kwanza kumchotea mtoto maji salama, kwa kuwa anajua gharama ya yale mengine.

Watoto wa nyumbani mwako wanakunywa nini kutoka katika maneno yako?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma sura ya Ellen G. White kuhusu kuponywa kwa maji ya Yeriko, katika kitabu cha *Manabii na Wafalme*.

Maswali ya kujadili:

1. Tutatofautishaje bidii itokayo katika moyo ulioponywa na bidii inayouficha moyo mgonjwa?

2. Darasa lenu linawezaje kumsaidia mtu aliyesamehewa, lakini bado anaishi na matokeo ya dhambi yake?

3. Kabla Sabato haijaingia jioni ya leo, ni nani unayepaswa kumwendea?